Kaseti Iliyokatikia Mtoni

Kama mmeshakula na watoto wamelala, vuta kiti karibu na redio. Leo sina nyimbo kumi za kukupigia. Nataka tuzungumze juu ya albamu moja tu, ya bendi ya Wamarekani wanne, iliyotoka Oktoba 1992. Bendi ni R.E.M., na albamu inaitwa "Automatic for the People". Nimeisikiliza tangu nikiwa mwanafunzi wa sekondari. Nimeisikiliza nikiwa na raha zangu, nimeisikiliza nikitoka mazikoni, na mpaka leo nikiiweka nyumbani naomba kila mtu anyamaze kwanza.

Ilinifikia kwa njia ya bahari. Binamu yangu alikuwa baharia, na aliporudi Tanga mwaka 1993 alikuja na mfuko wa kaseti walizorekodiana wenyewe melini, majina yameandikwa kwa kalamu ya wino na mengine yamekosewa. Mimi alinipa moja ya dakika 90. Upande wa pili alikuwa amejaza muziki wa dansi wa nyumbani, wa kujiliwaza akiwa mbali. Upande wa kwanza ndio ulikuwa na albamu hii nzima, au niseme karibu nzima. Maana hesabu yake ni hii: kaseti ya dakika 90 ina dakika 45 kila upande, na utepe wa ziada kidogo. Albamu ina karibu dakika 49. Nyimbo zake ni 12, na ule wa mwisho, "Find the River", huanza palepale dakika ya 45 inapotimia. Kwa hiyo nilikuwa nausikia kwa muda wa dakika moja hivi: gitaa linaingia, sauti inaanza kusimulia, halafu tak! Kitufe cha redio kinaruka, utepe umekwisha. Kwa miaka minane sikujua wimbo ule unaishia wapi. Tutaurudia.

Mwaka ule bibi yangu mzaa mama alikuwa hajiwezi kitandani. Mimi ndiye niliyelala chumbani kwake, ili akitaka maji usiku nimpe. Kulikuwa na kandili iliyopunguzwa utambi, chandarua, na redio yangu ndogo sakafuni, sauti nimeishusha kabisa. Betri zilikuwa ghali. Mchana nilizianika juu ya bati zipate nguvu, na usiku zilichoka mapema vilevile. Nawe unajua betri ikichoka kaseti huzunguka polepole, na sauti ya mwimbaji inashuka, inakuwa nzito. Wimbo wa pili, "Try Not to Breathe", niliuzoea kwa sauti hiyo ya betri zilizochoka, na kwa miezi nilidhani anayeimba ni mzee.

Usiku mmoja bibi akaniuliza kutoka ndani ya chandarua, "Huyo naye analia nini?" Nikamwambia, "Bibi, halii, anaimba." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Huyo anaaga."

Bibi hakujua neno hata moja la Kiingereza. Nami Kiingereza changu cha shule hakikutosha kushika maneno, mpaka baadaye nilipokaa na kamusi. Michael Stipe alipouimba wimbo ule alikuwa na miaka 32, lakini ameuimba kwa nafsi ya mtu mzima sana, ambaye siku zake zimefika. Anawaambia walio pembeni yake kwamba ameona mengi, ameridhika, na hataki kuwa mzigo kwao, wamwachie aende. Bibi alikuwa amesikia sauti tu, na akaisikia sawasawa.

Kutoka siku ile, neno lake ndilo ninalolitumia kila mtu akiniuliza albamu hii ni ya nini. Ni albamu ya kuaga. Mzee anaaga, ndugu wanawaaga wazazi wao, mtu anaaga ujana wake, mwingine yuko ukingoni anataka kuiaga dunia na rafiki anamshika mkono. Huzuni ya namna hii katika muziki wa roki wa miaka ile ilikuwa adimu. Huko Marekani ulikuwa wakati wa bendi za Seattle, magitaa yanavuma, vijana wanapiga kelele juu ya maumivu yao wenyewe, na kelele zile zilikuwa za haki, sizibezi. Lakini hawa wanne waliimba kama watu waliokaa matangani. Umeshakaa kwenye jamvi la msiba usiku wa pili, watu wamekwisha kulia, mmoja anakumbusha kisa cha marehemu, mwingine anacheka kidogo, kisha kimya? Basi ndiyo sauti ya albamu hii.

Na wao wala hawakuwa na shida. Walianza mwaka 1980 katika mji wa Athens, jimbo la Georgia, mji wa chuo kikuu. Stipe alikuwa mwanafunzi wa sanaa. Peter Buck, mpiga gitaa, alikuwa anauza santuri dukani. Mike Mills wa besi na Bill Berry wa drami walikuwa wamejuana tangu shule, kwao Macon. Onyesho lao la kwanza lilikuwa Aprili ya mwaka huo, kwenye sherehe ya siku ya kuzaliwa, ndani ya kanisa la zamani lililokuwa limegeuzwa nyumba ya kuishi. Miaka ya mwanzo Stipe alikuwa akiimba kwa kumung'unya, mashabiki wakibishana amesema nini. Wakapanda taratibu, ngazi baada ya ngazi, mpaka mwaka 1991 ilipotoka "Out of Time", yenye ule wimbo wa mandolini, "Losing My Religion", ambao hata hapa kwetu ulipigwa. Februari 1992 wakabeba tuzo tatu za Grammy.

Mtu aliyefika hapo, msikilizaji, huvuna. Anazunguka dunia kupiga maonyesho, kisha anatoa albamu nyingine inayofanana na ile iliyouza. R.E.M. hawakuzunguka. Walikuwa wamekwisha kuzunguka sana mwaka 1989 na wamechoka, wakakaa kwao. Walisema safari hii wanataka albamu ya roki ya kasi, wakajifungia kwenye chumba cha mazoezi pale Athens, Buck, Mills na Berry peke yao, bila mwimbaji. Wakawa wanabadilishana ala: wa drami anashika besi, wa besi anakaa kwenye piano, wa gitaa anachukua mandolini. Na kila walipojaribu kwenda mbio, muziki ukapoa wenyewe. Wakaufuata ulikotaka kwenda. Hapo ndipo ninapowaheshimu zaidi. Ilikuwa rahisi kabisa kuulazimisha.

Sikiliza jinsi ulivyojengwa. Kazi kubwa iliyofanyika humu ni ya kuondoa. Wimbo wa kwanza, "Drive", hauna kiitikio. Unaanza kwa gitaa kavu na sauti inayotoka gizani, na ukitegemea kwamba sasa hivi utalipuka, unakupita tu. Kuna nyimbo ambazo drami hazimo kabisa, au zinakuja mwishoni kama mgeni aliyebisha hodi kwa woga. Ebu fikiria: Bill Berry ni mpiga drami wa bendi ya roki iliyo kileleni, na anakubali kuweka fimbo zake chini kwa sababu wimbo hauzihitaji. Mtayarishaji wao Scott Litt naye alikuwa anajua kusubiri. Walirekodi Bearsville kule New York, wakaenda New Orleans, wakaenda Miami, na kazi ya mwisho ya kuchanganya sauti wakaifanyia Seattle, katikati ya mji uliokuwa unavuma magitaa, nao wamebeba nyimbo zao za kunong'ona.

Kisha zipo fidla. Aliyeziandika, katika nyimbo nne, ni John Paul Jones, yule wa besi wa Led Zeppelin, na zilirekodiwa Atlanta. Wewe uliyezaliwa na taarabu unajua fidla zinavyoweza kulia mpaka zikamfunika mwimbaji. Jones alizishika. Zinaingia chini ya sauti, zinainyanyua kidogo, zinarudi nyuma. Ni mkono unaomshikilia mtu kiwiko wakati wa kupanda ngazi.

Sasa "Everybody Hurts". Huu hata kama hujui R.E.M. ni akina nani, umeusikia.

Kiingereza hakina neno "pole". Wana neno la kuomba radhi, na wakati mwingine wanalitumia hilohilo kwa mfiwa, lakini si sawa. Pole yetu haimaanishi nimekukosea. Maana yake nimeuona mzigo wako. Tunampa aliyejikwaa, aliyefiwa, anayefanya kazi juani, hata aliyepaliwa na chai. Nami nilipouelewa wimbo huu niliwaza: hawa Wamarekani, ambao lugha yao imewanyima hilo neno, wameenda kuliunda kwa dakika tano na sekunde kadhaa. Wimbo mzima ni pole. Unamwambia mtu aliyechoka na maisha kwamba si yeye peke yake, avute subira, asiachie.

Aliyeuanzisha ni Berry, mpiga drami. Alikuja nao ukiwa na urefu wa kama dakika moja tu, na walihangaika nao sana, wakijaribu mwendo huu na ule, mpaka wakautia katika mwendo wa polepole wa nyimbo za soul za Memphis, zile za kina Otis Redding. Na kichekesho, au niseme ajabu, ni kwamba walipourekodi mara ya kwanza mwenye wimbo hakupiga. Walikuwa Buck na Mills pamoja na mashine ya midundo ambayo Mills aliinunua kwa dola 20. Ukitegesha sikio mwanzoni utaisikia: tik, tik, tik, kavu, haina mbwembwe. Mimi kila nikiisikia naiona saa ya ukutani katika chumba cha mgonjwa. Juu yake gitaa linachambua nyuzi moja moja, mzunguko uleule, na Stipe, yule aliyesifika kwa kumung'unya, anatamka kila neno likiwa limeoshwa. Buck alieleza baadaye kwamba maneno yalifanywa mepesi namna ile kwa makusudi, kwa sababu yaliwalenga vijana wa umri wa shule. Nami nilikuwa na miaka 17, na lugha yenyewe si yangu. Ulikuwa wimbo wa kwanza wa Kiingereza nilioelewa bila kamusi. Kisha katikati drami za kweli zinaingia, na fidla, na gitaa la umeme, na wewe uliyekuwa umezoea ile saa unahisi mlango umefunguliwa na watu wameingia ndani.

Video yake iliongozwa na Jake Scott na ilipigwa San Antonio, Texas, kwenye barabara kuu. Magari yamekwama kwenye foleni, na mawazo ya kila aliye ndani ya gari yanaandikwa chini ya picha, mzee, mama, mtoto, kila mmoja na lake. Mwisho wanashuka, wanayaacha magari, wanatembea. Mwaka 1995 shirika la Samaritans la Uingereza, ambalo kazi yake ni kuwasikiliza watu waliokata tamaa, liliutumia wimbo huu katika matangazo yake.

Na kuna jambo zito siwezi kuliruka. Aprili 1994, Kurt Cobain wa Nirvana alijiua nyumbani kwake Seattle. Alikuwa akiwapenda sana R.E.M., na Stipe alikuwa akijaribu kumvuta wafanye kazi pamoja ili atoke katika hali aliyokuwa nayo. Iliripotiwa kwamba albamu iliyokutwa kwenye mashine yake ya muziki ni hii. Nilipolisikia hilo nilikaa wiki kadhaa bila kuigusa kaseti yangu. Wimbo unaweza kusema pole, lakini hauwezi kukesha na mtu, haumpi uji, haumpeleki hospitali. Kama unamjua aliyeelemewa, mfuate nyumbani kwake, usingoje kesho. Na kama aliyeelemewa ni wewe unayenisikiliza hivi sasa, tafadhali mwamshe mtu, usiku huuhuu.

Turudi kwenye nyimbo. Kwa hakika si zote zinalia. Wa tatu, "The Sidewinder Sleeps Tonite", ni wa furaha, na ndani yake kuna damu ya Afrika. Mlio wake wa mwanzo unaukumbusha waziwazi wimbo maarufu wa simba aliyelala, "The Lion Sleeps Tonight", na R.E.M. hawakujificha: waliulipia, na wakaurekodi na wenyewe kwa ajili ya upande wa pili wa singo. Lakini ule wimbo wa simba nao una baba yake. Solomon Linda, Mzulu, aliurekodi Johannesburg mwaka 1939 kwa jina la "Mbube", maana yake simba. Ukaenda ng'ambo, ukabadilishwa maneno, ukawatajirisha watu, na Linda akafa maskini mwaka 1962. Wanawe walipata makubaliano ya kulipwa mwaka 2006. Kwa hiyo hata wimbo huu mmoja uliochangamka, uliowekwa ili kuipumzisha albamu na majonzi, mimi nikiusikia simkosi yule mzee. Sidhani kama walikusudia. Ndivyo muziki unavyobeba mambo.

"Ignoreland" nitasema ukweli, ninauruka. Ni wa hasira juu ya siasa za Marekani za enzi za Reagan na Bush, na hasira ile naielewa, lakini umekaa pale kama mtu aliyeanza kuhutubia siasa matangani. "Monty Got a Raw Deal" unamkumbuka mwigizaji Montgomery Clift. "Man on the Moon" unamkumbuka Andy Kaufman, mchekeshaji aliyefariki mwaka 1984, na huo ni mtamu sana, wa kuimbwa na gari zima mkiwa safarini, hata kama hamjui Kaufman alikuwa nani. Sisi hatukumjua, na bado tuliuimba. "Sweetness Follows" una selo inayokwaruza na gitaa linalovuma kwa mbali kama jenereta ya jirani, na ndani yake ndugu wanakutana kuwazika baba na mama, watu ambao siku nyingi hawajaongea vizuri. Aliyewahi kukutana na kaka zake kwenye maziko tu, huu utamchoma.

Lakini kama ningeambiwa niondoke na mmoja, ningechukua "Nightswimming".

Unaanza kwa sekunde chache za orkesta ikitengeneza sauti, kana kwamba hawajajiandaa na wewe umeingia mapema. Kisha piano. Mike Mills anapiga mzunguko mmoja, vidole vinapanda vinashuka, vinapanda vinashuka, na hausimami mpaka wimbo uishe. Hakuna gitaa, hakuna drami, hakuna kiitikio. Piano yenyewe ilikuwa kwenye studio za Criteria, Miami, na ndiyo iliyopigwa miaka ya nyuma katika ile sehemu ndefu ya mwisho ya "Layla" ya Derek and the Dominos. Wimbo unakumbuka vijana walioenda kuogelea usiku, uchi, kwa siri, mwisho wa kiangazi. Sasa mmoja wao ni mtu mzima ndani ya gari, ana picha ya zamani mbele yake, na anajua kwamba wale hawatarudi majini tena, hata kama wote wako hai. Huo ndio uchungu wake. Hakuna aliyekufa.

Sisi tuliogelea Raskazone. Tulikuwa watano. Tulingoja watu wazima walale, tukashuka ufukweni bila tochi, na usiku usio na mwezi maji yalimetameta kila ukipiga mkono, cheche za kijani zikikufuata mabegani. Hakuna aliyekuwa na kamera. Mmoja yuko Muscat siku hizi, mmoja ana duka Korogwe, wawili sijui. Wimbo ule ulipotoka wala sikuwa nimeanza kuwakosa, nilikuwa nao kila jioni. Ila piano ile iliniambia mapema.

Halafu, kuelekea mwishoni, inaingia oboi. Ni ala ya kupuliza, ndugu wa mbali wa zumari yetu, ina matete mawili mdomoni vilevile. Zumari ya kwetu huita watu ngomani. Hii haiiti mtu. Inazunguka piano mara kadhaa, inanyamaza.

Watu waliposikia albamu nzima namna hii, wakamwona na Stipe amekonda, hatoi mahojiano, wakavumisha kwamba anakufa. Uvumi ulienea sana. Hakuwa anakufa. Lakini naelewa ulikotoka: watu hawakuamini kwamba mtu mzima wa afya, tajiri, aliye juu ya chati, anaweza kukaa kuwaza kifo cha wengine kwa uangalifu wote ule bila kuwa na chake mfukoni. Hata jina la albamu limetokana na mahali pa uhai mtupu. Ni kaulimbiu ya mkahawa wa Weaver D's pale Athens, mahali pa kuku wa kukaanga na mboga, ambapo mwenyewe ukimwagiza anakujibu kwa neno hilo la kwanza, yaani tayari, imeshakuwa. Chakula cha watu, hakina makuu. Nami naona waliipatia, kwa sababu albamu ya majonzi namna hii ilikwenda kwa watu kama chakula: namba 1 Uingereza, namba 2 Marekani, na huko Marekani pekee ikauza mamilioni ya nakala.

Bibi alifariki kabla ya Ramadhani ya mwaka uliofuata, alfajiri, mimi nimelala palepale sakafuni. Redio ilikuwa imezimwa. Sikusikia chochote, mama ndiye aliyeingia akajua.

Mwaka 2001 nilikuwa Dar es Salaam, nimeanza kazi. Rafiki yangu mmoja alinialika kwake Ilala, na kwenye rafu yake nikaiona CD. Ndipo kwa mara ya kwanza nikaona jalada: rangi ya kijivu tupu, na katikati kitu kama nyota yenye miiba, pambo la moteli moja ya Miami. Miaka minane nilikuwa na albamu isiyo na sura. Nikamwomba aiweke, tukaisikiliza yote, na alipotaka kubadilisha baada ya "Nightswimming" nikamshika mkono.

"Find the River" ukaanza. Gitaa lilelile, sauti ileile. Nikafika pale ambapo mkono wangu, bila kuuagiza, ulikuwa unangoja mlio wa kitufe. Kitufe hakikuruka. Wimbo ukaendelea.

Ni wimbo wa mtu aliye njiani, ana haraka, anamwelekeza mdogo wake au rafiki yake kuelekea mtoni, na mto unakwenda baharini. Njiani ametaja mimea yenye harufu, mmoja baada ya mwingine, hata giligilani imo. Mimi nimeuona Pangani ukiingia baharini, yale maji ya kahawia yanavyochelewa pale mlangoni, yanasukumwa na maji kujaa, yanarudi, yanangoja, mpaka bahari inapokupwa ndipo yanaachiwa. Wimbo una mwendo huohuo. Na nyuma ya Stipe kuna sauti mbili za kuitikia, Mills na Berry. Walizirekodi kila mmoja peke yake, bila kumsikia mwenzake, kwa makusudi. Moja imetulia, iko chini, kama mtu anayejisemea. Nyingine inapanda, inaomba, karibu ilie. Hawajui walipo, na wanakutana.

Ninapozisikia sasa najua mambo ambayo wao hawakuyajua siku ile. Tarehe 1 Machi 1995, Berry aliugua ghafla jukwaani Lausanne, Uswisi, mshipa wa damu umepasuka kichwani. Alipona. Mwaka 1997 akawaaga wenzake akaenda kulima Georgia, wakaendelea watatu, na Septemba 2011 nao wakaagana kwa amani, bila ugomvi wala kesi. Sauti ile ya chini, iliyotulia, ni yake.

Siku ile Ilala nilimwomba rafiki yangu aurudishe wimbo, na akaurudisha, na hakuniuliza kitu. Kaseti bado ninayo. Iko hapa mezani mbele yangu, lebo yake imefifia na mwandiko wa binamu hausomeki vizuri tena. Nimeileta usiku huu na CD nimeileta pia. Fundi mitambo wangu, anza na kaseti, kama nilivyokuwa naisikia mimi chumbani kwa bibi. Ikikata, usiseme neno, weka CD, tuendelee kuanzia hapo.